Ukuta wa Maji Baridi: Kinachoulisha Ndicho Kinachomtaabisha Mzamiaji

Anayezamia Pemba akiona kwa mara ya kwanza picha za Browning Wall, ukuta wa chini ya bahari ulioko kaskazini mwa kisiwa cha Vancouver nchini Kanada, huwa na maswali mawili. La kwanza: imekuwaje maji ya nyuzi 8 yakajaa rangi nyekundu, urujuani, manjano na nyeupe zilizosongamana hata jiwe lenyewe lisionekane? La pili: mbona wanaokwenda huko huzungumzia saa za mkondo, glavu na suti kuliko wanavyozungumzia samaki?

Maswali haya yana jibu moja, ndiyo maana nayaeleza pamoja. Ubaridi, mkondo na ule ukijani wa maji unaomchosha mzamiaji ndivyo vinavyoulisha ukuta. Huwezi kuviondoa hivyo ukabaki na rangi.

Browning Pass ni mkono mwembamba wa bahari kati ya visiwa vya Nigei na Balaklava, katika Mlango-Bahari wa Queen Charlotte, safari fupi ya boti kutoka mji wa Port Hardy. Ni maji ya Wakwakwaka'wakw, wenyeji wa pwani ile tangu kabla ya kuwapo nchi inayoitwa Kanada. Jirani yake iko hifadhi ya God's Pocket, iliyotangazwa mwaka 1995. Mierezi imeota hadi ukingoni mwa genge, na genge lenyewe linaingia majini na kuendelea kushuka wima hadi zaidi ya mita 60. Lilichongwa na barafuto. Katika zama za mwisho za barafu eneo lote hili lilikuwa chini ya barafu nene iliyosogea polepole kuelekea baharini, ikikwangua mabonde hadi chini ya usawa wa bahari. Barafu ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, maji yakaingia mabondeni. Kuta za Pemba zina asili nyingine kabisa: Mfereji wa Pemba ulitokana na ardhi kupasuka na kudidimia, na juu ya kingo zake matumbawe yakajenga kwa muda mrefu sana. Kule Browning hakuna aliyejenga. Ni mwamba mtupu uliovamiwa na wapangaji.

Chakula kinatoka wapi

Tumbawe la maji ya joto ni mnyama anayefuga mimea midogo ndani ya mwili wake. Mimea hiyo hutumia jua kutengeneza sukari, na tumbawe hula sehemu kubwa ya sukari hiyo. Ndiyo sababu matumbawe ya Pemba na Mafia hustawi penye maji maangavu na jua kali, na ndiyo sababu hupungua kadiri unavyoshuka. Uangavu wa maji yale, unaowavutia wageni kutoka duniani kote, maana yake ni kwamba majini mna chakula kidogo kinachoelea. Jua la tropiki hupasha joto tabaka la juu la bahari karibu mwaka mzima, na maji ya moto, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya maji baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Virutubisho, yaani naitreti na fosfeti zinazotokana na viumbe vilivyokufa na kuzama, hubaki chini kizani ambako mimea haiwezi kuvitumia. Pepo za kusi huchanganya maji kiasi fulani, lakini mfuniko ule hauondoki.

Sasa fikiria mlango mwembamba wa bahari wenye kina kirefu, ambamo maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku kwa tofauti inayoweza kupita mita 4. Maji yote hayo lazima yapite katika upenyo uleule. Yanagonga kingo, yanazunguka, yanapanda na kushuka, na yale ya chini yenye virutubisho huletwa juu kila siku. Majira ya kuchipua yanapofika na jua kurefuka, mimea midogo inayoelea huzaliana kwa kasi mpaka bahari inageuka kijani. Wadudu wadogo wa baharini huila mimea hiyo, na mchanganyiko wote huo, ambao wataalamu huuita planktoni, husombwa na mkondo na kupitishwa mbele ya ukuta usiku na mchana.

Ukijani ule, basi, ni chakula. Mzamiaji anaponung'unika kwamba haoni zaidi ya mita 5 mwezi wa Mei, anaitazama meza ya ukuta ikiwa imejaa.

Kuna jambo la pili linalosaidia. Maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya joto. Yale ya nyuzi 8 hushika takriban mara moja na nusu ya kiasi kinachoshikwa na maji ya nyuzi 28. Kwa mnyama mkubwa asiyehama, hiyo ni neema.

Lakini kwa nini ukutani hasa, na si kwenye sakafu ya bahari iliyo hatua chache tu chini? Sakafu hupokea tope. Kila chembe inayozama hatimaye hutua, na mnyama aliyeganda pale hufukiwa. Ukuta haufukiwi. Tena ukuta hunyimwa mwanga: jua hutoka juu na uso wa mwamba uko wima, kwa hiyo mwani, ambao kwenye mwamba wa bapa ungewashinda wanyama kwa kuwahi nafasi na kuwatia kivuli, hapa hudhoofika baada ya mita chache. Nafasi yote inabaki kwa wanyama wanaochuja maji. Matokeo yake ni vita ya kugombea sentimita: sifongo juu ya sifongo, anemoni (mnyama laini mwenye minyiri, anayeganda mwambani) juu ya kome, kaa ndani ya tundu lililoachwa na mwingine.

Kwamba giza ni msaada si dhana tu. Huko Fiordland, kusini magharibi mwa New Zealand, mvua huzidi mita 6 kwa mwaka katika ghuba ya Milford Sound. Maji hayo hupita msituni, hupata rangi ya chai, kisha huelea juu ya maji ya chumvi na kuzuia mwanga. Chini ya tabaka hilo matumbawe meusi, ambayo kwingineko huishi kwenye kina kirefu, huonekana kuanzia mita 10 hivi. Wanyama wa kizani wamepandishwa juu na kivuli. Kwangu huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote wa jinsi mwanga unavyopanga nani akae wapi.

Wakazi

Aliyeifanya Browning ijulikane ni tumbawe laini jekundu, Gersemia rubiformis. Halijengi mifupa ya chokaa, wala halifugi mimea mwilini. Linakula kinacholetwa na mkondo, kwa hiyo halihitaji jua. Hufunika ukuta kwa mapande, na ukizima tochi mapande hayo hugeuka kahawia iliyokoza, karibu nyeusi, kwa sababu mwanga mwekundu hufyonzwa na maji katika mita chache za kwanza. Kwenye maji ya kijani hata bluu hunyonywa na planktoni pamoja na mabaki ya mimea yaliyoyeyuka majini, kwa hiyo ukijani pekee ndio unaofika chini. Rangi zote zile za pichani huonekana pale tu mtu anapopeleka mwanga wake mwenyewe. Tochi kwenye ukuta wa namna hii ni kifaa cha lazima, hata saa sita mchana.

Katikati ya wekundu huo husimama anemoni weupe, Metridium farcimen, ambao wakijinyoosha hufika karibu mita moja. Yupo konokono wa bahari asiye na gamba, Tochuina gigantea, wa rangi ya chungwa, anayefika sentimita 30 na anayekula lile tumbawe jekundu. Juu kabisa, kwenye majani ya mwani mkubwa uitwao kelpi, hukusanyika ndugu yake mwingine, Melibe leonina, mwenye mwili unaopenya mwanga na kofia pana mbele ya mdomo. Hana meno. Huifunua kofia, huifunga juu ya wadudu wanaoelea, humeza, hurudia. Wanaowashika husema wana harufu ya tikiti maji.

Pweza wa huko, Enteroctopus dofleini, ndiye pweza mkubwa kuliko wote duniani; urefu kutoka ncha ya mkono mmoja hadi wa pili unaweza kupita mita 4. Mvuvi wa Makunduchi angemtambua mara moja kwa tabia: tundu lile lile, mabaki ya makombe mlangoni, jicho lile lile linalokupima. Tofauti iko kwenye muda. Pweza wa pwani yetu huishi takriban mwaka mmoja hadi miwili. Huyu huishi mitatu hadi mitano, na jike hulinda mayai yake kwa miezi 6 au zaidi bila kula, kisha hufa yanapoanguliwa. Ubaridi hupunguza mwendo wa kila kitu mwilini, na kupunguza mwendo ni kurefusha.

Samaki wanaoonyesha jambo hili waziwazi zaidi ni wale wa jenasi ya Sebastes, wenye miiba mgongoni na macho makubwa, wanaokaa mbele ya nyufa za ukuta. Aina mojawapo ya kina kirefu, yenye macho ya manjano, imethibitishwa kuishi zaidi ya miaka 100. Samaki wa namna hiyo huchelewa kupevuka, na akivuliwa pengo lake halizibwi upesi. Tena hawezi kurudishwa kirahisi. Kibofu chake cha hewa kimefungwa, na akivutwa juu kwa mshipi shinikizo hupungua ghafla, hewa hupanuka, macho hutoka nje na tumbo husukumwa hadi mdomoni. Kanada ilipoona wamepungua sana ilianza kufunga maeneo, na kufikia 2007 maeneo 164 ya pwani ya British Columbia yalikuwa yamewekwa kwa ajili yao. Kufunga maeneo kulikuwa uamuzi sahihi; sheria ya kumtaka mvuvi amtupe tena baharini isingewaokoa.

Wingi huu wa uhai usimdanganye mtu akadhani hauguswi. Mwaka 2013 viti vya pweza kuanzia Mexico hadi Alaska vilianza kuoza vikiwa hai. Kile kikubwa chenye mikono mingi, Pycnopodia helianthoides, kilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya idadi yake, na mwaka 2020 kiliwekwa kwenye orodha ya viumbe vilivyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kiti hiki cha pweza hula vile viumbe vya miiba mirefu vinavyochoma miguu ya wapita matumbaweni, navyo hula kelpi. Alipoondoka mlaji, misitu ya kelpi ikaliwa sehemu nyingi. Iliwachukua watafiti miaka 12 kumpata mhusika: mwaka 2025 walitangaza kuwa ni bakteria aitwaye Vibrio pectenicida. Waliosalia wameonekana zaidi katika maji baridi ya ghuba za British Columbia, jambo linaloongeza thamani ya kila pembe ya bahari ile ambayo bado haijapata joto.

Upande wa mzamiaji

Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Kwenye nyuzi 28 hilo huvumilika kwa suti nyembamba. Kwenye nyuzi 8 suti ya kawaida ya mpira wenye vipovu, inayoruhusu maji kuingia, huanza kushindwa, na hushindwa zaidi kadiri unavyoshuka kwa sababu shinikizo hubana vile vipovu na suti hupungua unene. Ndiyo maana wengi huvaa suti kavu: vazi lililozibwa shingoni na mikononi, lenye nguo za joto ndani na hewa inayopulizwa kutoka mtungini. Suti kavu huleta kazi yake. Hewa iliyomo hupanuka mzamiaji anapopanda, na asipoitoa mapema kupitia vali itampeleka juu kwa kasi asiyoitaka. Akiinamisha kichwa, hewa hukimbilia miguuni na kumgeuza. Ili azame na hewa yote hiyo, hubeba vipande vya madini ya risasi vyenye uzito wa kilo 12 na zaidi. Mtu asijifunzie kuvaa suti hii ukutani. Ajifunzie penye sakafu, kina kifupi.

Shinikizo huongezeka kwa kiasi cha angahewa moja kila mita 10. Juu ya maji ni moja, kwenye mita 30 ni nne, na kila pumzi huko hutumia hewa mara nne. Tuchukue mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 (baa moja ni karibu sawa na angahewa moja): lita 2,400 za hewa. Ukiacha akiba ya baa 50 unabaki na 1,800. Anayepumua lita 20 kwa dakika juu ya maji atapumua 80 kwenye mita 30, kwa hiyo ana dakika 22 na ushei. Aliyepigwa na baridi hupumua zaidi, na anayepambana na mkondo huweza kupumua maradufu. Hesabu hii ndogo inatosha kueleza ajali nyingi.

Ubaridi huishika hata mitambo. Regyuleta, kifaa cha kupumulia kinachofungwa mtungini, hushusha hewa kutoka baa 200 hadi baa 10 hivi juu ya shinikizo la maji, na hewa inayopanuka ghafla hupoa sana. Maji yakiwa tayari baridi, barafu huweza kujijenga ndani ya vali na kuizuia isifunge. Hewa ikaanza kububujika yenyewe na mtungi kuisha kwa dakika chache. Viwango vya Ulaya huhesabu maji ya chini ya nyuzi 10 kuwa baridi na hutaka kifaa kipimwe kwenye nyuzi 4. Regyuleta nzuri ya Nungwi si lazima iwe nzuri ya Port Hardy.

Kisha kuna hili ambalo ni la kuta peke yake: hakuna chini. Kwenye mteremko wa kawaida mchanga humzuia mzamiaji asiye makini. Hapa akizubaa mita mbili, anaendelea kuzama, na mandhari haibadiliki kiasi cha kumwamsha. Kuanzia mita 30 hivi nitrojeni huanza kulewesha, na giza na baridi huongeza ulevi huo. Mtu hujisikia vizuri. Hajui kwamba amesoma namba kwenye kompyuta ya mkononi bila kuielewa. Kikomo cha wanaozamia kwa burudani ni mita 40, na waliopata mafunzo ya kwanza tu huishia 18. Browning yenyewe ni tajiri kuanzia mita 5, kwa hiyo hakuna sababu ya kukifukuza kina.

Mkondo unahitaji maelezo marefu kidogo, maana ndiyo pale ujuzi wa pwani yetu unaposaidia na pia unapoweza kupotosha. Mtu wa Unguja au Lamu anajua kuhesabu bamvua na maji mafu kwa tarehe za mwezi, na hesabu hiyo humtosha kwa sababu miinuko miwili ya siku hukaribiana. British Columbia miinuko hiyo hupishana sana, mmoja mkubwa na mwingine mdogo, kwa hiyo mwezi peke yake hautoshi, lazima majedwali. Tena, majedwali ya mkondo si yale ya kujaa na kupwa. Kwenye mlango unaounganisha maji mawili, mkondo hufuata tofauti ya usawa kati ya pande hizo, na unaweza kuendelea kukimbia ndani muda mrefu baada ya bahari ya nje kuanza kupwa. Mfano mkali uko kaskazini ya Browning, kwenye mlango wa Nakwakto, ambako ghuba ndefu za bara hujazwa na kukamuliwa kupitia upenyo mmoja mwembamba. Kasi hufika takriban noti 14 hadi 16, zaidi ya kilomita 25 kwa saa. Wanaozamia pale hungoja maji yasimame, nayo husimama kwa dakika chache tu.

Browning ni mpole zaidi, lakini mkondo ukigonga ukuta lazima uende mahali, na kwenye kona za mwamba sehemu yake huelekea chini. Dalili ya kwanza ni vipovu vyako mwenyewe visivyopanda. Wanaofundisha huko husema usishindane nao kwa kupiga mapezi juu kwa juu. Ondoka ukutani ukienda pembeni mpaka utoke kwenye mshipa wa mkondo, au shika mwamba na upande kwa mikono. Kwenye ukuta uliofunikwa na uhai namna ile, kushika ni kuua kitu, kwa hiyo hilo la pili ni la dharura tu.

Kupanda nako kuna kanuni zake. Mwaka 1908 John Scott Haldane na wenzake, baada ya majaribio kwa mbuzi, walichapisha jedwali za kwanza za kupandisha wazamiaji kwa hatua, ili nitrojeni iliyoyeyuka mwilini itoke taratibu badala ya kufanya vipovu kwenye damu na viungo. Msingi huo bado uko ndani ya kompyuta za leo. Kilichoongezwa na utafiti wa jeshi la majini la Marekani, uliochapishwa 2007, ni kwamba joto la mwili hubadilisha hesabu: aliyekuwa na joto chini na kupata baridi wakati wa kupanda ana hatari kubwa zaidi, kwa kuwa mishipa ya damu husinyaa na nitrojeni hukwama. Hali hiyo ndiyo hasa ya mzamiaji wa maji baridi, aliyeshuka na joto lake la botini na anayepanda akitetemeka. Kompyuta yake haijui kwamba anatetemeka. Anapaswa kuijazia mwenyewe, kwa kukaa chini muda mfupi kuliko inavyomruhusu na kurefusha zile dakika 3 za usalama, za kusimama kwenye mita 5 kabla ya kutoka majini.

Hapo umbo la ukuta humsaidia. Anaweza kuanza kwenye mita 25, kisha akapanda taratibu kwa muda wote uliobaki akiwa bado na kitu cha kuangalia kila mita, mpaka kwenye mizizi ya kelpi ambako Melibe wanapiga kofia zao. Anayetoka Afrika Mashariki na ratiba ya mwaka mikononi achague kati ya Oktoba na Machi. Planktoni hupungua, tochi hufika mbali, na unaweza kuona mita 20 au zaidi, ingawa siku ni fupi na dhoruba huzuia boti mara kwa mara. Maji yenyewe huzidi ya kiangazi kwa ubaridi nyuzi mbili au tatu tu.